Pandisha kiti kwanza, mshiko baadaye!

Wiki hii naomba tuwaachie wengine habari za nani kamwacha nani, tuongelee kitu kinachowakosesha usingizi vijana wa huku kwetu Ngara na Biharamulo: spidi. Siongelei spidi ya magari, magari tunayaona yakipita tu. Naongelea spidi ya baiskeli.

Kwa wale wa mjini wanaodhani baiskeli ni kitu cha kupigia picha ufukweni, niwaambie kidogo. Huku baiskeli ni punda, ni pikap na mara nyingine ni ambulensi. Inabeba mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa, madumu ya maji, mgonjwa, hata bibi harusi. Kaa nusu saa tu kando ya barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo, utaona kijana mwembamba kama fito anasukuma mzigo mlimani ambao wewe hata kuuinua huwezi. Jioni mzigo ukishashushwa, ubishi unaanza: nani mwenye mbio?

Na ubishi huo hauishi, kwa sababu wanavyokimbizana ni vurugu tupu. Mmoja anajificha nyuma ya mwenzake, upepo unamgonga mwenzake yeye anateleza tu. Mwingine (hii ni noma, tena noma ya kaburi) anajishikiza nyuma ya lori linalokwenda Rwanda au Burundi. Akifika wa kwanza anajidai bingwa. Bingwa wa nini? Aliyeshinda ni lori.

Ndiyo maana wenzetu waliweka mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa. Unaondoka peke yako, mwenzako anaondoka baada ya dakika moja au mbili, hakuna kujificha nyuma ya mtu, na anayeamua ni saa. Mwezi Septemba 2025 mbio hizo zilikuja mpaka jirani yetu kabisa. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa kufanyika Afrika. Kutoka daraja la Rusumo mpaka Kigali ni mwendo wa saa chache tu za basi.

Siku ya kwanza, tarehe 21, wanaume walikimbia kilometa 40.6 dhidi ya saa. Mbelgiji Remco Evenepoel aliondoka wa mwisho, dakika mbili na nusu nyuma ya Tadej Pogačar, jamaa ambaye wakati huo alikuwa ameshabeba Tour de France mara nne. Ee bwana, Remco alimkamata njiani na kumpita! Wiki moja baadaye Pogačar akashinda mbio za barabarani za kundi, kwa hiyo hakuwa mgonjwa wala mzee. Siku ile aliyekuwa na kasi zaidi alikuwa mwenzake, basi.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba anayeishi Nyakahura, Wilaya ya Biharamulo, aliziona picha hizo kwenye simu ya rafiki yake. Kasheshe likaanzia hapo.

Dogo ana Phoenix, baiskeli ya Kichina, nyeusi, ya vyuma vitupu. Anaendea nayo shambani na kubebea ndizi. Msimu uliopita aliuza kahawa akapata laki sita zake safi. Fedha hiyo ilishakuwa na kazi: mabati ya nyumba. Maana dogo ana mchumba kule Rulenge, na wazazi wa binti wamesema wazi kwamba mtoto wao haendi kulala chini ya nyasi. Sasa akatokea mshikaji mmoja mwenye baiskeli ya resi ya mtumba, usukani umepinda kama pembe za kondoo, bei laki sita. Eti dogo akiipata hiyo, atamnyamazisha kila mtu kuanzia Nyakahura mpaka Lusahunga.

Wifi yangu mtarajiwa akanipigia simu karibu alie. “Dada, mwambie achague. Baiskeli au mabati.”

Nikapanda gari kutoka Ngara kwenda kwa mjomba. Dogo sikumkataza, maana ukimkataza kijana kitu ndiyo umemsukuma akinunue usiku. Nilimwekea dau. Nipe wiki tatu na elfu thelathini nikuongezee spidi kwenye hiyo Phoenix yako. Nikishindwa, nunua mtumba wako na mimi mwenyewe nitakwenda Rulenge kuongea na wazee. Akacheka, akakubali.

Tukapima njia. Barabara kuu ina vibao vya kilometa, kwa hiyo hukuna haja ya kubabaisha: kilometa tano kwenda, kugeuza, kilometa tano kurudi. Kwenda na kurudi kunasaidia, mlima ulioushuka utaupanda na upepo uliokusukuma utakutana nao usoni. Saa ilikuwa simu yangu. Muda ni saa 12 na nusu asubuhi, malori bado machache na upepo umelala. Na sheria ya kwanza: tunabadilisha kitu kimoja kimoja, tunapima, ndipo tunakwenda kingine. Ukibadilisha vitu vitano kwa mpigo, hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekula hela yako bure.

Siku ya kwanza dogo alikwenda kama alivyo: koti linapepea, kerieli nyuma, magoti yakimgonga kifuani. Dakika 27 na sekunde 40.

Tukaanza na kiti. Vijana wetu karibu wote wanakaa chini sana, na wana sababu. Ukiwa umebeba mikungu sita lazima mguu ufike chini haraka, la sivyo mzigo unakuangusha. Kiti cha chini ni akili ya kazi. Lakini ukitaka mbio, kiti hicho kinakuibia nguvu, maana goti halinyooki na paja linasukuma nusu nusu. Jioni goti linauma kwa mbele, unasingizia baridi.

Dawa yake haina gharama. Egemea ukuta, kaa kitini, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke wote bila kiuno kuinama upande. Halafu ukiendesha kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu, na hapo ndipo panapotakiwa. Kiuno kikianza kucheza kushoto na kulia kama uko kwenye ngoma, umepandisha mno, shusha kidogo.

Bomba la kiti la dogo lilikuwa fupi, tukanunua refu kwa 7,000. (Angalizo: hakikisha angalau vidole vinne vya bomba vinabaki ndani ya fremu, vinginevyo litakatika na hutapenda litakapokuchoma.) Kwa kuwa kazi ya ndizi inaendelea, tuliweka alama mbili kwenye bomba kwa rangi ya kucha. Alama ya chini ya mzigo, ya juu ya mbio. Rangi alitoa wifi, tena nyekundu.

Baada ya siku mbili za kuzoea tukapima: dakika 26 na sekunde 45. Karibu dakika nzima imepungua na hatujagusa gurudumu. Dogo akaacha kucheka.

Sasa upepo. Hapa naomba mnisikilize, ndipo penye siri. Kwenye barabara tambarare, ukishavuka mwendo wa kawaida wa kwenda sokoni, adui yako mkubwa ni hewa, na sehemu kubwa ya hewa hiyo inagonga mwili wako wewe. Chuma cha baiskeli kinagongwa kidogo tu. Ukiongeza mwendo mara mbili, hewa inakuzuia mara nne, na nguvu ya kuishinda inatakiwa mara nane. Umeona hiyo hesabu? Ndiyo maana mtu anakanyaga mpaka mishipa inamtoka na bado haongezi kitu. Anapigana na ukuta wakati angeweza kujipunguza apite.

Waulize Wafaransa. Mwaka 1989 Tour de France ilimalizika kwa mbio dhidi ya saa, kilometa 24.5 kutoka Versailles mpaka Paris. Laurent Fignon alikuwa anaongoza kwa sekunde 50. Mmarekani Greg LeMond akaja na vishikio vya mbele vya kulaza mikono na kofia ndefu iliyochongoka nyuma. Fignon aliendesha kichwa wazi, nywele kazifunga mkia nyuma. LeMond akafuta zile sekunde 50 zote na kushinda Tour nzima kwa sekunde nane. Sekunde nane, baada ya wiki tatu na zaidi ya kilometa 3,000!

Na asije mtu kusema hayo ni mambo ya wenye fedha. Mskoti Graeme Obree alijitengenezea baiskeli yake mwenyewe, ndani kaweka beringi za mashine ya kufulia nguo. Alikunja mikono yake chini ya kifua kama kuku aliyeloa, watu wakacheka. Tarehe 17 Julai 1993, kule Hamar, Norway, aliendesha kilometa 51.596 ndani ya saa moja na kuvunja rekodi ya dunia. Rekodi hiyo ilidumu siku sita tu kabla Chris Boardman hajaichukua, na mwaka 1994 wakubwa wa baiskeli duniani wakapiga marufuku mkao ule. Lakini Obree alishathibitisha: mkao ni spidi.

Fundi wetu wa Nyakahura alipoisikia habari ya beringi za mashine ya kufulia, alifurahi ile mbaya. “Kumbe na sisi ni maprofesa!” Akalegeza boliti ya usukani, akaugonga kwa nyundo juu ya kipande cha ubao, ukashuka. Phoenix ina breki za vyuma virefu badala ya waya, kwa hiyo lazima na chuma cha breki kirekebishwe kulingana na usukani, na fundi akakirekebisha. Kazi yote 4,000, na raba mpya za breki 3,000. Raba hizo hazikuongeza hata sekunde. Nilizilazimisha mimi, kwa sababu anayetafuta kasi bila breki anatafuta sanda.

Halafu mwili wenyewe: viwiko vikunjwe na kuingizwa ndani, mabega yabanwe kama unapita mlango mwembamba, mgongo ushuke, kidevu chini lakini macho mbele. Mwanzoni dogo alilalamika shingo na mgongo. Tukapandisha usukani kiasi cha kidole kimoja, akatulia. Mkao mzuri ni ule unaoweza kuukaa mpaka mwisho. Ukijikunja kama Obree kilometa mbili halafu zilizobaki unasimama kama mlingoti, umepata hasara.

Tukapima: 25 na sekunde 50.

Dogo keshapata mzuka, akataka vishikio kama vya LeMond. Fundi akamkatia mabomba mawili, akayafunga kwa boliti, juu akaweka vipande vya kandambili kama mito ya viwiko. Kwa kweli vilipendeza. Tukavijaribu kwenye uwanja wa mpira. Vinakwenda, lakini mikono ikiwa mbele kule, breki ziko mbali, na baiskeli inayumba ukigusa tu jiwe. Sasa fikiria semitrela inakupita pale karibu na Lusahunga, upepo wake unakusukuma pembeni halafu unakuvuta ndani. Nikasema hapana. Akaninunia siku nzima. Vishikio vile viko ndani kwa mjomba mpaka leo, siku tukipata barabara iliyofungwa magari tutavitoa. Kichwa kikiwa chini na mikono mbali na breki, barabara ya malori si mahali pa kujifanya Remco.

Wiki ya pili tukaingia kwenye baiskeli yenyewe. Kerieli, stendi, kengele, kifuniko cha mnyororo na dainamo tukavitoa kwa ajili ya siku za mbio. Dainamo hasa, kile kichupa kinachosugua tairi: taa inakupa usiku, mchana inakulipisha. Fundi akafungua magurudumu. Gololi za hab ya nyuma zilikuwa zimeliwa, nyingine mbili hazipo kabisa! Akaosha kwa mafuta ya taa, akaweka gololi mpya na grisi: 8,500. Kunyoosha rimu na kukaza spoku ili isisugue breki, 3,000. Mafuta ya taa na oili ya mnyororo, 2,000. Tairi tukazijaza vizuri, ila hatukuzidi namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi laini barabarani ni sawa na kuendesha kwenye mchanga.

Fundi alitaka pia abadilishe fliwili, atoe ya meno 20 aweke ya meno 18. Tukapiga hesabu. Mbele kuna meno 48, na gurudumu likizunguka mara moja ni kama mita 2.2. Kwa meno 20, pedali zikizunguka mara 80 kwa dakika unapata kama kilometa 25 kwa saa. Kwa meno 18 unapata 28. Inavutia, lakini ni pale tu miguu inapoweza kuzungusha hivyo hivyo, na kesho yake dogo ana mlima na mikungu ya ndizi. Tukaiacha. Kwenye lami, muda ukawa dakika 25 na sekunde tano.

Kilichobaki kilikuwa nguo na akili. Koti nikamvua, nikampa jezi ya kubana ya mdogo wake. Koti linalopepea ni mwavuli ulioufungua nyuma yako mwenyewe. Viatu: kandambili zinapinda na kunywa nguvu, akavaa raba zenye soli ngumu. Na nikamfundisha kugawa nguvu. Alikuwa anaondoka kama anafukuzwa na nyuki, kilometa ya nne ulimi nje. Nikamwambia dakika tatu za kwanza ajizuie, kwenye mlima akaze kidogo zaidi, kwenye mteremko ajikunje apumzike, kilometa mbili za mwisho amalize kila kitu.

Dakika 24 na sekunde 20!

Nyie mabishoo mtasema miguu ilizoea tu. Na mimi nililiwaza hilo. Kesho kutwa yake nikamrudishia kiti chini, usukani juu, koti mwilini, tukaacha gololi mpya tu na vyuma vilivyotolewa. Akaja na dakika 26 na sekunde 40. Mazoezi yalisaidia, lakini kidogo. Kilichobaki ni mkao.

Mwisho, ili haki itendeke, tukamwomba yule mshikaji wa mtumba atukopeshe resi yake asubuhi moja. Sitaificha: ilikuwa na kasi zaidi. Dakika 23 na sekunde 55. Lakini dogo alishuka anashika kiuno. Fremu ni ya mtu mrefu. Kiti tulishakishusha mpaka mwisho na bado kiuno kilikuwa kinacheza, na usukani uko mbali kama jirani mbaya. Fremu iliyokuzidi hairekebishiki, hata uwe na fundi wa dunia. Tena tairi zake nyembamba na pampu ya valvu zake tuliulizia Nyakahura yote, hakuna.

Nikachukua kalamu, nikamwandikia kwenye karatasi ya sigara. Tumetumia 27,500, tumepunguza sekunde 200. Sekunde moja, shilingi 137 na senti 50. Resi kwa laki sita inakupunguzia sekunde 25 nyingine. Sekunde moja, shilingi 24,000. Na mabati hakuna.

Aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Baadaye akaniambia kitu ambacho sikukitegemea. “Dada, siyo kwamba nilitaka ile baiskeli. Nilitaka watu wajue nina mbio. Hapa hakuna anayenipima.”

Hilo ndilo lililonifanya niandike wiki hii. Vijana wa Ngara na Biharamulo wana miguu iliyofundishwa na milima na mizigo tangu utotoni. Mnyarwanda Adrien Niyonshuti alifika Olimpiki ya London mwaka 2012 kwa baiskeli, na milima yao ni hii hii ukivuka Mto Kagera. Wetu miguu wanayo, saa ndiyo hawana. Mtu asipopimwa atatafuta heshima nyuma ya lori au kwenye mtumba wa laki sita. Maafisa michezo wa wilaya, hii haihitaji uwanja. Inahitaji vibao vya kilometa, ambavyo vipo, saa moja, na trafiki wawili wa kusimamisha malori Jumapili asubuhi. Dogo na Phoenix yake atakuwepo, na vishikio vyake vya kandambili.

Mabati yalinunuliwa Ijumaa, wifi akachagua mwenyewe rangi. Wewe unayesoma hapa, kesho asubuhi kabla hujapakia ndizi, egemea ukuta uweke kisigino juu ya pedali. Goti likiwa bado limekunjika, umeshajua pa kuanzia.